Umeuliza kuhusu hela, mimi nakujibu kuhusu mnunuzi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata juzi usiku, jana nikamsomea na mama yako. Umesema mnasoma habari za Niger Delta kule Nigeria, vijana waliokuwa wanalipua mabomba ya mafuta na kuteka wafanyakazi wa makampuni, rais Yar'Adua akawasamehe 2009 wakatoa silaha, halafu wakawa wanapewa naira 65,000 kila mwezi, na mwalimu wenu anataka mseme serikali inapomlipa aliyebeba bunduki inanunua amani au inazawadia uhalifu. Ukasema baba wewe umekaa Kibirizi, hapo Kigoma, miaka yote hiyo, umewaona watu wa Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika wanakuja na kuondoka, unasemaje.

Mimi naona swali lenyewe limeanzia katikati. Kila mtu anauliza huyu kijana alipwe au asilipwe, alipwe ngapi, afundishwe useremala au ushonaji. Hakuna anayeuliza yule aliyekuwa ananunua kile kitu ambacho kijana alikuwa anakilinda kwa bunduki, yeye yuko wapi leo. Mafuta ya wizi yalikuwa na mnunuzi, dhahabu ina mnunuzi, almasi zile za Sierra Leone zilikuwa na wanunuzi wenye ofisi na vitabu vya risiti. Nilishakwambia tangu uko sekondari na leo narudia, mnunuzi hajawahi kusalimisha kitu. Siku ya kukusanya silaha bunduki zinapangwa chini, wakubwa wanapeana mikono, picha zinapigwa, mnunuzi humuoni kwenye hiyo picha kwa sababu yeye hakuitwa, na hakuitwa kwa sababu hajawahi kuhesabiwa kwamba ni mtu wa vita.

Hili nililipata kwa babu yako. Miaka ya sabini mimi nikiwa kijana, watu wa Laurent Kabila walikuwa na himaya yao ya waasi kule Fizi, upande wa Kongo, wanaiita Hewa Bora, na dhahabu na meno ya tembo vilikuwa vinavuka ziwa kuja huku kwetu. Mei 1975 wakavuka usiku mpaka Gombe wakachukua watu wanne kwenye kambi ya utafiti wa sokwe, wanafunzi watatu wa Marekani na dada mmoja Mholanzi, wakawapeleka ng'ambo wakadai hela ndio wawaachie. Mjini watu walikuwa wananong'ona tu. Babu yako alikuwa anasema hawa watu mkitaka waache bunduki msiwafuate kule milimani, kaeni hapa ufukweni muangalie nani anapokea mzigo. Hakuna aliyekaa. Na mwaka 1997 yule yule Kabila akaingia Kinshasa akawa rais wa nchi nzima.

Sasa hayo ni ya babu yako, langu mimi unalijua ila sidhani kama unalijua lote. Unamkumbuka yule kijana wa mji wa Baraka, ng'ambo, aliyekuwa anakubeba begani kwenda kuangalia mitumbwi ikirudi alfajiri? Wewe ulikuwa darasa la nne, kwa hiyo ni 2006. Alikuwa Mai-Mai, wale wapiganaji wa msituni wa Kongo. Alitoka msituni kwa ule mpango wa Kongo wa wakati ule, ukitoa silaha unapewa dola 110 za kuanzia safari ya kurudi kwenu halafu dola 25 kwa mwezi kwa mwaka mmoja. Alikuja kwetu na kadi ya plastiki ya mpango huo yenye picha yake, anaitunza kwenye mfuko wa shati, amefungia na karatasi ya nailoni isilowe. Ile 110 alishaimaliza, alilipa madeni ya mjomba wake na kumzika bibi yake vizuri.

Nilimuanzisha kwenye kubeba makreti, baada ya muda nikamuingiza ndani ya mtumbwi. Mwanangu yule kijana alikuwa na mikono. Karabai zilikuwa zinatusumbua sana kipindi kile, utambi ukishaungua unakuwa majivu matupu, ukiugusa kidogo tu unamwagika, na wenzake walikuwa wanapasua kila usiku mimi nanunua mwingine. Yeye alikuwa anaifunga taa ile kwenye mbao taratibu, anaipigia pampu huku amegeuza mgongo upepo usiingie, na ule ule utambi unaweza ukamaliza giza zima, zile siku zote za kuvua mwezi haupo. Mgao wake wa kwanza alimnunulia mama yako kitenge. Mama yako bado anacho na hataki kukivaa.

Nilikuwa na furaha, sitakuficha. Nilikuwa nawaambia watu pale mwaloni mnaona, mtu akipewa kazi na wenzake wa kufanya nao kazi, bunduki anaisahau. Nilisema hivyo miezi mingi tu.

Halafu ikaja ile siku ya mgeni. Alishuka na boti ya Uvira, viatu vimeng'aa, simu mbili, akaulizia nyumbani kwetu akaonyeshwa. Ilikuwa mchana, mama yako ameshaandaa ugali wa muhogo na migebuka, tukamkaribisha mgeni akanawa. Yule kijana alikuwa ndani akatoka, alipomuona tu akasimama wima, mikono nyuma. Mama yako akamwambia kaa mwanangu ule. Hakukaa. Akamwambia tena. Hakukaa, anaangalia ukuta, jasho linamtoka, na yule mgeni anatoa miiba ya samaki polepole wala hamwangalii, anaongea na mimi habari za bei ya dagaa. Mpaka alipomaliza kula na kunawa ndio akamwambia neno moja kwa lugha yao na yule kijana akakaa. Alikuwa kamanda wake. Wakati ule alikuwa ananunua dhahabu kwenye machimbo ya Misisi kule Fizi anaileta huku na huko, na ile kadi ya plastiki anayo na yeye, alinionyesha, picha nzuri kabisa amevaa shati jeupe.

Wakati anaaga akaniambia, mzee, ule mtoto ni wa kwangu. Nikamwambia wa kwako kivipi wakati karatasi za kwenu zinasema vita imeisha na kila mtu ni raia. Akatabasamu tu kwa heshima zote akanishukuru kwa chakula.

Haikupita muda kijana akaondoka, usiku, hakuaga. Aliacha mgao wake wa giza lile. Mama yako aliufunga kwenye leso akauweka kabatini, hataki uguswe, mpaka noti mpya zilipotoka 2011 ndio akakubali, na ndio ile hela tuliyoongezea kwenye ada yako ya kidato cha pili. Hilo hukuwahi kuambiwa. Hakurudi wala hakuna aliyeniletea habari zake, na mpaka leo nikiona mtu anakula migebuka kwa mbwembwe vile roho inaniuma.

Kwa hiyo ukiniambia serikali ilikusanya bunduki ngapi mimi nauliza amri imekusanywa? Liberia 2003 na 2004 walisajili wapiganaji zaidi ya 100,000 lakini bunduki zilizopatikana ni kama 28,000 tu, kwa sababu ukileta risasi 150 nazo zilitosha kukuingiza kwenye dola 300, basi makamanda wakawa wanagawa risasi kwa ndugu na jamaa halafu hela inagawanywa. Orodha ilikuwa kwao, wao ndio wanasema huyu alipigana huyu hakupigana. Baada ya hapo kundi zima wakahamia kwenye shamba la mpira la Guthrie, wanagema na kuuza, wakubwa wao wale wale, mpaka 2006 ndio serikali ikalichukua. Na hapa jirani zetu, 2009 Kongo wakawaingiza waasi wa CNDP jeshini, wakapewa sare, na mgodi wa Bisie kule Walikale ukaangukia mikononi mwao wakiwa na sare hizo. Miaka mitatu baadaye wakaasi tena, wakajiita M23. Mnunuzi wa yale madini ya bati alibadilisha nini? Hakubadilisha hata gari.

Lakini subiri, maana najua utasema baba unalazimisha kila kitu kiingie kwenye mnunuzi wako. Na kuna mahali kweli hakiingii. Sierra Leone vijana wengi waliotoka vitani walipewa vyerehani na visanduku vya useremala, wakaviuza, maana ukiwafundisha mafundi useremala mia kwenye mji mmoja ambao haujengi nyumba hata kumi watakula nini. Ila wengine wao wakaingia kwenye pikipiki, kule wanaita okada, Bo, Kenema, Makeni, hakuna aliyewapangia, wakaunda vyama vyao vya madereva wakawa wanachaguana viongozi na kubishana na polisi kwa maneno. Hapo nakwama. Almasi za Kono ziliendelea kununuliwa kama kawaida na bado hao vijana hawakurudi porini. Ina maana mnunuzi anaweza akabaki na amani ikakaa? Labda kitu kikubwa ni kwamba kwenye pikipiki abiria ndiye anayekulipa, mkononi, hela haipiti kwa kamanda. Yule kijana wetu na yeye alikuwa analipwa na ziwa, hapiti kwa mtu, na bado aliitwa akaenda. Sijui, au ni kwa sababu Misisi iko karibu mno, boti moja tu.

Na usidhani nasema wasipewe kitu. Kule Kotakoli, Kongo, 2013 na 2014 waliwaweka kambini wapiganaji waliotoka wenyewe na wake zao na watoto, wakasahauliwa, wakafa zaidi ya 100 kwa njaa na magonjwa. Ukiwa msituni ukasikia habari hiyo, utatoka? Mimi nisingetoka.

Ila kuna watu hawamo kwenye swali la mwalimu wako na hao ndio wanaoniuma kuliko wote. Wavuvi. Kule Delta walioandikishwa ni kama 30,000, wakapewa 65,000 kwa mwezi wakati kima cha chini cha mshahara Nigeria 2011 kilikuwa 18,000. Mafuta yakapanda tena yakapita mapipa milioni mbili kwa siku, kwa hiyo kwa mwenye kisima hesabu ilikaa vizuri sana. Sasa yule mvuvi wa Bodo, kule kule Delta, ambaye mafuta yalimwagika kwenye maji yake 2008, hakushika bunduki, alikwenda mahakamani Uingereza na wenzake, wakasubiri mpaka 2015 ndio Shell wakakubali kulipa pauni milioni 55 kwa jumuiya nzima. Umoja wa Mataifa walisema kusafisha eneo la Ogoni, iliko hiyo Bodo, kunaweza kuchukua miaka 25 mpaka 30. Mvuvi mwenye umri wangu anasubiri miaka 30? Mwanae anaona nini? Anaona jirani aliyelipua bomba analipwa kila mwezi na baba yake aliyefuata sheria ananuka mafuta yaliyomwagika. Serikali ilipopunguza bajeti ya ule mpango 2016 mabomba yakalipuliwa upya na kundi jipya, na 2022 mkataba wa kulinda mabomba ukaenda kwa kampuni inayohusishwa na Tompolo, aliyekuwa kamanda mkubwa wa wale wale. Mpango wenyewe ulikuwa uishe 2015.

Wewe unajua 2024 ziwa letu lilifungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 samaki wazaliane. Mimi niliunga mkono, ziwa limechoka. Lakini miezi mitatu ile mama yako aliuza mbuzi wake wote na mdogo wako akahamia kwa shangazi yako Kasulu, na hakuna aliyekuja kutuuliza mnakula nini. Tulikaa kimya tukatengeneza nyavu. Sijutii kukaa kimya. Lakini nilikuwa nalala nawaza, hivi mtu anahesabiwa lini, mpaka awe tishio?

Sasa umenibana nitoe hukumu, kununua amani au kuzawadia. Ulimi unaniwasha. Ningekuwa na nguvu ningesema walipwe, lakini hela iende kwa mwenye mkono wake mwenyewe na sio kwa orodha ya kamanda, na shilingi ya kwanza iende kwa mvuvi kabla ya mpiganaji, na yule mwenye viatu vya kung'aa afuatwe mpaka kwenye duka anakouzia. Lakini nikisema hivyo unaniuliza vipi kama mpiganaji akikasirika kwa kuwekwa nyuma, na hapo sina jibu ambalo halina mtu anakufa ndani yake. Kwa hiyo hukumu sitoi, andika ya kwako. Ila katafute hiyo mikataba ya mabomba ni ya kiasi gani, ulinganishe na hela ya kusafisha maji, weka kwenye karatasi yako namba zote mbili mstari mmoja, mwalimu wako azione.

Mama yako amekufungia dagaa na mawese, mzigo nimempa dereva wa basi la leo, kapokee Mbezi kesho mapema. Mawese yamefungwa kwenye dumu la lita tano, mwambie konda asililaze.

Baba yako