Maswali ya malezi: "Mwenyewe!"

SWALI: Mwanangu ametimiza miaka mitatu mwezi uliopita. Juzi natafuta soksi zake, kugeuka namkuta ameshavaa fulana peke yake, nyuma mbele, anajipigia makofi. Machozi yalinilenga kwa furaha. Lakini vifungo vya shati la chekechea vinamliza. Nikimgusa tu, "Mwenyewe!", na gari la shule linapiga honi nje. Nifanyeje?
Mama, Morogoro

JIBU: Hongera, mama, na usimvue fulana hiyo kuigeuza. Ametafuta tundu la kichwa na mikono miwili bila kuyaona. Kwa umri wake ni kazi kubwa. Kesho itandaze kitandani picha ikiwa chini, upindo umwelekee yeye. Akiingiza mikono kupitia upindoni kisha akaipandisha kichwani, picha itakuja mbele yenyewe.

Kilio cha vifungo si ukaidi. Kifungo kinataka mkono mmoja usukume na mwingine uvute, kwa wakati mmoja. Watoto wengi huanza kumudu vifungo vikubwa kati ya miaka mitatu na minne, na kufungua hutangulia kufunga. Basi jioni akirudi mwachie avifungue vyote, maana saa hizo hakuna gari linalomsubiri.

Kufunga mfundishe kuanzia mwishoni. Sukuma kifungo wewe hadi nusu yake itokeze tunduni, yeye akishike kwa kidole gumba na cha shahada, akivute. Baada ya siku tatu nne kitokeze robo tu, kisha ncha. Kila mara anayemaliza ni yeye, kwa hiyo "mwenyewe" yake inakuwa kweli. Aanze na kifungo cha chini anachokiona. Akianzia juu pande hupishana na shati hukaa upogo. Cha shingoni kifunge wewe. Asubuhi kifungo kimoja kiwe chake, vingine vyako, na mpatane hivyo tangu usiku.

Shati nalo likague. Sare mpya mara nyingi vifungo vyake vimeshonwa vikabana kitambaa, na kidole kidogo hakipati pa kushika. Kata uzi wa kifungo, ukishone upya huku umelaza njiti ya kiberiti juu yake, uzi upite juu ya njiti. Ukimaliza chomoa njiti, vuta kifungo juu, zungusha uzi chini yake mara nne au tano, piga fundo. Kitasimama kama milimita 2 juu ya nguo, na tofauti utaiona siku hiyohiyo. Usipanue tundu kwa wembe, litafumuka.

SWALI: Binti yangu wa miaka miwili na nusu anang'ang'ania kujimiminia maji. Nimruhusu?
Baba, Mombasa

JIBU: Mruhusu, baba. Tafuta jagi dogo la plastiki lenye mkono, utie maji ya kikombe kimoja tu, kama mililita 200. Kosa la wengi ni kumpa jagi lililojaa: uzito unamshinda, maji yanatoka kwa mkupuo, naye anaogopa. Mkono mmoja ushike mkono wa jagi, mwingine ulibebe kwa chini. Kikombe kiwe cha mdomo mpana, kikae juu ya sinia, na tambara liwe karibu ili afute mwenyewe. Kufuta nako watoto wanakupenda!

Siku hiyohiyo pandisha juu chupa ya chai, na utazame chini ya meza ya jikoni. Mafuta ya taa au jiki kwenye chupa ya soda ni hatari kubwa kwa mtoto aliyejua kumimina. Yatie kwenye vyombo vyake, ndani ya kabati linalofungwa kwa ufunguo. Ikitokea amekunywa mafuta ya taa, usimtapishe wala usimpe maziwa ili atapike, mkimbize hospitali.

SWALI: Wa kwangu ana miaka minne, kamba za viatu hazimwingii kabisa.
Mama, Tanga

JIBU: Bado mapema. Wengi huweza wakiwa na miaka mitano au sita. Kwa sasa mpe viatu vya kubandika. Kama anabadilisha kulia na kushoto, viweke sambamba, uchore kwa kalamu ya wino mzito nusu duara ndani ya kila kiatu, ukingoni vinapogusana. Kabla ya kuvaa avipange. Duara likikamilika, avae.