Mkono Ukishagusa

Mwanangu,

Umeniuliza kama ulikosea kunyamaza Jumamosi, pale mpinzani wako alipomnyanyua malkia, akaona mambo yameharibika, akamrudisha na kusogeza kete nyingine, mwisho akakushinda. Kwa sheria za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, haki ilikuwa yako: unasimamisha saa, unamwita mwamuzi. Ila uwe hujagusa kete yako ili kujibu. Ukishaigusa, dai limekufa.

Lakini mimi tangu nisome ujumbe wako namfikiria aliyegusa.

Ile picha ya Tanga iliyokuwa juu ya redio ya bibi yako, nimeshika kikombe, hukuwahi kuniuliza mbona sikutabasamu. Ilikuwa 1996, raundi ya mwisho, nacheza na mzee mmoja karani, shati lake limepigwa pasi likanyooka. Nikamnyanyua farasi. Upana wa kidole tu, ndipo nikamwona askofu wake kule pembeni, ameielekea ngome yangu kwa mshazari. Farasi ndiye aliyekuwa ameziba njia. Nikamshusha taratibu, nikasogeza askari.

Mzee hakuutazama ubao. Alinitazama mimi usoni. Kisha akachukua kalamu, akaiandika hatua yangu, ile ya askari, polepole kama anayeandika barua, akacheza yake. Nikamshinda. Akanipa mkono.

Nimekwambia tangu utotoni: mkono ukishagusa, umeshasema. Nilikushikilia hivyo hivyo kwenye ubao wetu wenye kizibo cha soda badala ya askari, nawe unalia nikuruhusu kurudisha. Baba yako alisema nakuonea. Nilikuwa namwona yule mzee.

Miaka mingi nilijitetea kwamba hakudai, basi aliridhia. Na kisheria ndivyo. Lakini mtu hunyamaza kwa mengi. Pengine hakutaka kumwaibisha msichana mbele ya ukumbi mzima. Pengine alikuwa ananingoja niseme mwenyewe, na nilikuwa na muda wa kutosha, saa yangu ilibakiwa na dakika 11. Basi ukimya wake ulikuwa wema au ulinidhuru? Mkono ukishagusa umeshasema, nami nilisema, kisha nikakana.

Kama ulikosea? Jibu ninalo, liko kwenye ncha ya ulimi, na baba yako ananihimiza nikupe. Nalizuia kwa shida, maana wewe ndiye uliyekaa naye uso kwa uso. Niambie kwanza: alipokupa mkono, alikutazama?

Mama yako