Bosi anataka BIM, je tuko tayari?

SWALI: Shikamoo injinia. Niko saiti Dodoma, jengo la ghorofa nne, bosi anataka tuanze BIM (jengo zima liwe modeli ya kompyuta yenye taarifa zake zote) mwezi ujao na kompyuta mbili keshanunua. Nitajuaje kama tuko tayari?

JIBU: Marahaba. Kompyuta ndo kitu cha mwisho bana. Kwanza ramani zenu ziko wapi? Kama ziko WhatsApp, moja imeandikwa "mwisho" nyingine "mwisho kabisa", na fundi bomba anayo ya mwezi jana, basi bado, maana BIM inataka wote mchukue taarifa sehemu moja na ijulikane nani anatoa nini, lini, na nani anaidhinisha, ndo ISO 19650 ya 2018 (kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za BIM) inavyotaka. Halafu muulize msanifu na mtu wa umeme kama wanatengeneza modeli au wanachora mistari tu, na kama wanaweza kutoa faili za IFC ili programu tofauti zisomane. Uingereza walitangaza BIM 2011, wakailazimisha kwenye miradi ya serikali kuu 2016, nyie mwezi mmoja! Anzeni na vyoo vya ghorofa moja, muone bomba la maji taka linagongana wapi na bimu (ile ya zege, fundi wangu huwa anazichanganya) kabla hamjamwaga.