Asili ya wakfu hailiwi, hata kwa ada ya chuo

SWALI: Assalamu alaykum. Kikundi chetu cha msikiti hapa Tanga kimekusanya shilingi milioni 60 ili tuanzishe wakfu wa kusomesha vijana vyuo vikuu. Mshauri wetu anasema tuwalipie ada vijana 50 mwaka huu, kisha kila Ramadhani tuchangishe upya kujaza pengo. Tuanze vipi?

JIBU: Wa alaykumu salaam. Anachowaelekeza mshauri wenu ni mchango wa ada. Una thawabu zake, ila hauitwi wakfu. Sayyidna Umar alipopata shamba Khaybar, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza azuie asili, yaani mali yenyewe, na atoe mazao yake sadaka, shamba likawa haliuzwi, halitolewi zawadi wala halirithiwi. Anayekula asili mwaka wa kwanza hana wakfu wa kusimamia mwaka wa pili.

Pigeni hesabu. Vijana 50 kwa ada ya milioni 1.1 ni milioni 55. Shahada nyingi ni miaka mitatu, udaktari mitano. Mwakani hao hao wanadai milioni 55 nyingine kabla hamjapokea hata mmoja mpya. Ramadhani ikiwa kavu, kijana anazuiwa kufanya mtihani akiwa nusu ya safari.

Sasa tuseme milioni 60 zimenunua nyumba ya vyumba vya kupangisha inayoingiza 500,000 kwa mwezi. Hesabuni miezi 11 tu, kwa sababu mpangaji akihama chumba hukaa kitupu: milioni 5.5. Toeni asilimia 10 ya matengenezo, 15 ya kodi za serikali na usimamizi, na 10 ya akiba ya kukuza asili. Zinabaki 3,575,000. Hizo zinasomesha vijana watatu kwa wakati mmoja, na chenji kidogo ya vitabu. Pokeeni mmoja kila mwaka. Mkiwachukua wote watatu siku ya kwanza, hamtakuwa na nafasi mpya hadi wamalize. Ziada ya miaka miwili ya mwanzo iwekeni kwa ajili ya siku ada itakapopanda.

Watatu wataonekana wachache kwa watu walioahidiwa 50. Waelezeni hivyo hivyo. Katika miaka 30 wakfu huo utakuwa umetoa wahitimu 28, na nyumba bado ipo.

Itakuwepo lakini kama bati limezibwa kwa wakati. Ndiyo maana wanazuoni wametanguliza matengenezo kabla ya mgao wa wanufaika. Hati ya Khalifa al-Hakim wa Misri ya mwaka 400 Hijria (1010), iliyoweka wakfu majengo ya Fustat (Cairo ya kale) kwa msikiti wa al-Azhar na Darul-Hikma, nyumba ya elimu, ilitaja hadi fungu la mikeka na la mafuta ya kuwashia taa. Hati zetu nyingi hazitaji hata nani atalipia choo kikiziba.

Upande wa sheria, Zanzibar mngekwenda Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Bara, sajilini bodi ya wadhamini RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) na hati ya nyumba iandikwe kwa jina la bodi. Ikibaki kwa jina la mwenyekiti, siku akifariki wanawe wataiingiza kwenye mirathi, na kauli iliyotolewa msikitini baada ya Ijumaa haitawafaa kitu mahakamani. Hati ya wakfu itaje asili, anayechagua wanafunzi na kwa kigezo gani, na mapato yaende wapi siku wanafunzi wakikosekana.

Kabla ya kununua chochote, waulizeni waliotoa. Aliyetoa kwa nia ya ada ya mwaka huu, fedha yake ilipe ada; msiigeuze wakfu bila idhini yake. Zakati itengeni kabisa: ni haki ya wanaostahiki na lazima iwafikie mikononi, haifungiwi kwenye nyumba. Kijana fukara mkabidhini zakati hiyo moja kwa moja alipie ada.

Mshauri atawajibu kwamba wakfu wa fedha taslimu umeruhusiwa. Kweli, Baraza la Kimataifa la Fikihi (sheria ya Kiislamu) lilipokutana Muscat mwaka 2004 liliuruhusu, lakini kwa kukopesha bila riba au kuwekeza kihalali, asili ikibaki. Halikuruhusu kuzitumia zikaisha. Na kuwekeza si kuzifungia benki kwa riba ya muda maalumu.

Neno wakfu sasa limekuwa chambo. Wapo wanaouza "hisa za wakfu wa elimu" kwa simu na kumwahidi mnunuzi faida ya kila mwezi. Aliyeweka wakfu hadai gawio. Akilipwa gawio, amenunua biashara, na mara nyingi biashara yenyewe haipo. Yeyote anayewaomba fedha kwa jina hilo, mwambieni alete vitatu: hati ya mali, cheti cha wadhamini na hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita. Akileta picha za wanafunzi waliovaa majoho badala yake, msimpe hata shilingi.