Swali la msomaji: Nataka kuvalisha Remington 700 yangu chasisi, nianzie wapi?

SWALI: Habari fundi. Niko Houston, mwaka jana nilinunua Remington 700 ya .308 kwa mtu, ina kitako cha mbao kile cha zamani. Siku nyingine inapiga vizuri kabisa, siku nyingine hasa kukiwa na unyevu mwingi risasi zinahamia kulia bila sababu. Jamaa wa uwanja wa shabaha wananiambia tupa mbao weka chasisi ya alumini, yaani fremu ya chuma inayochukua nafasi ya kitako, mambo yataisha. Huwa nawinda kulungu na pia napenda kupiga mbali. Ninunue ipi, naweza kufunga mwenyewe, lazima nimimine epoksi (ile gundi ngumu ya kujaza nafasi chini ya chuma), na zile za kitako cha kukunja hazitanitia matatani na sheria?

JIBU: Salama kaka. Kabla hujatoa hata dola mia, chukua noti ya dola moja, hakikisha bunduki haina risasi na boliti (kile chuma cha mkono kinachosukuma risasi ndani) umeitoa kabisa, halafu pitisha hiyo noti chini ya mtutu kati yake na mbao uivute taratibu kurudi nyuma mpaka karibu na aksheni, yaani lile bomba la chuma ambalo boliti inatembea ndani yake. Ikikwama upande wa kushoto basi ugonjwa wako huo hapo, mbao imekunywa unyevu wa Houston imevimba inausukuma mtutu kwenda kulia. Msasa kidogo na vanishi ya kuziba mbao ndani inaweza kumaliza kazi kwa bei ya chakula cha mchana. Jamaa wa uwanjani hawajakudanganya, alumini haivimbi, ila wengi wanauza chasisi kwa maneno kabla hata ya kuangalia bunduki yenyewe.

Haya, tuseme umeangalia na bado unaitaka, maana kwa kupiga mbali chasisi ina faida zake za kweli, unarekebisha urefu wa kitako na urefu wa pale shavu linapolala, na unapata magazini ya kuchomoa. Chasisi unainunua kwa kufuata aksheni, usifuate picha nzuri. Ya .308 kwa Remington 700 ni aksheni fupi, kwa hiyo unaagiza ya 700 fupi, basi. Bahati yako 700 ndiyo bunduki yenye chasisi nyingi kuliko zote sokoni, mwenzio mwenye Savage inabidi kwanza apime umbali kati ya skrubu zinazoshika aksheni kwenye kitako maana zipo za zaidi ya aina moja, na mwenye Tikka T3 lagi yake wala haiko kwenye aksheni, ni kipande kinachokaa kwenye kitako.

Na hapo kwenye lagi naomba tukae kidogo. Lagi ni kile kibamba cha chuma kinachoning'inia chini mwanzo wa mtutu, ndicho kinachopokea teke la bunduki. Kwenye 700 kimebanwa kama washa ya nati katikati ya mtutu na aksheni. Cha kiwandani kina unene wa karibu inchi 0.19, lakini bunduki yako umeinunua ikiwa imeshatumika, kama mwenye nayo wa kwanza alibadilisha mtutu huenda aliweka lagi nene ya robo inchi na hiyo kwenye chasisi nyingine haiingii kabisa. Pima kabla ya kuagiza. Ukiwa umeifungua hivyo angalia na triga, zile triga za X-Mark Pro zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006 hadi Aprili 2014 ziliitwa kurudi kiwandani kwa sababu bunduki ingeweza kujifyatua yenyewe, kama unayo hiyo usipige nayo hata risasi moja, ibadilishwe kwanza.

Ipi sasa? Kwa mtu anayewinda na kupiga shabaha kwa bunduki moja mimi ningekwenda kwa KRG Bravo, ina uti wa alumini ndani na plastiki nje kwa hiyo haigandishi mikono asubuhi ya baridi. Hizi nzito za mashindano, ukishaweka skopu na miguu ya mbele unafika kilo 6 kirahisi, ni raha ukilala chini unapiga, ni adhabu ukitembea porini. MDT wa Kanada wanayo ya uwindaji inaitwa HNT26, hiyo 26 ni uzito wake kwa aunsi, lakini bei yake kaa chini kwanza.

Kufunga utafunga mwenyewe. Tumia skrubu zilizokuja na chasisi, za zamani waachie kitako cha zamani. Laza aksheni ndani, shika skrubu kwa vidole tu, kisha isimamishe bunduki wima mdomo wa mtutu juu, gonga kitako chini kidogo ili lagi irudi nyuma iegemee chuma, ndipo ukaze ya mbele kisha ya nyuma, kidogo kidogo kwa zamu. Nguvu ya kukaza, yaani toki, chasisi nyingi za alumini zinataka inchi-paundi 65, fuata karatasi ya mtengenezaji. Inchi-paundi, kaka, sio futi-paundi! Ile spana ya toki ya matairi ya gari ni ya futi, ukikaza 65 ya hiyo umekaza mara 12 na skrubu itakatikia ndani.

Ukishakaza rudisha boliti uitembeze. Ikiwa nzito kuliko kabla, skrubu ya mbele inaweza kuwa ndefu inagusa meno ya boliti, ilegeze uone. Halafu weka kidole pale mtutu unapokutana na chasisi, legeza skrubu ya mbele taratibu. Ukisikia chuma kinanyanyuka, aksheni ilikuwa inapindwa, na hapo tu ndipo epoksi inahitajika. Nyingi zina kitanda cha umbo la V na aksheni ya duara inakaa sawa bila kumimina chochote. Magazini jaribu na risasi bandia zisizo na baruti; boliti ikipita juu ya risasi bila kuisukuma, magazini imekaa chini mno. Skopu nayo lazima uisawazishe upya, na baada ya risasi 20 hivi angalia tena toki.

Hiyo ya kitako cha kukunja usiogope. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inataka mtutu usipungue inchi 16 na bunduki nzima isipungue 26, na urefu wanapima kitako kikiwa kimekunjuliwa. Mtutu wako kama ni wa inchi 22 au 24 uko mbali sana na mstari.