Guka hakupenda ardhi: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye matatu, nikaona hili si jambo la kujibiwa kwa simu huku kondakta akinidai nauli. Unauliza kama Guka, babu yako, angekuwa hai, angekubali shamba la Ndenderu liuzwe kwa huyo mtu wa fleti au angekataa, kwa sababu Jumamosi binamu zako wanataka wewe mwenye jina lake ndiwe useme. Nitakujibu, baba, lakini kwanza kuna jambo linanichoma tangu mazishi. Kila mtu anasema Guka alipenda ardhi. Mchungaji alisema, mjomba wako akasema huku analia, hata kwenye wasifu uliochapishwa wakaandika hivyo. Mimi bintiye nasema baba yangu hakupenda ardhi. Alipenda kahawa.

Ushahidi ninao. Ile kona ya barabarani, palipo na duka la vifaa vya ujenzi siku hizi, ilikuwa yetu. Baba aliiuza wakati shangazi yako alipolazwa, akatia sahihi, akarudi nyumbani akaendelea na kazi. Sijamsikia akiitaja tena. Lakini lori la mawe liliporudi nyuma likavunja mti mmoja wa kahawa, mmoja tu, alinung'unika wiki nzima.

Wewe ulimjua akiwa mzee, wa sukuma wiki na ng'ombe mmoja na redio ya mbao. Hukumwona siku za kupiga dawa. Pampu mgongoni, kofia na koti vimegeuka bluu kwa dawa ya shaba, anainama ili dawa ifike chini ya jani, maana kutu, ule ugonjwa wa majani ya kahawa, huanzia huko, na sisi tunamfuata na ndoo za maji. Jioni ya siku ya kuchuma tulimwaga kahawa juu ya gunia, tukazitoa mbichi na zilizokauka, zikabaki nyekundu tupu. Karani wa mizani aliangalia za juu tu kwenye debe, na sisi watoto tulilijua hilo. Baba alichambua mpaka za chini kabisa. Nilimuuliza mara moja kwa nini anajisumbua. Akaniangalia kama aliyesikia lugha asiyoijua.

Na ukumbuke alikotoka. Babake hakuruhusiwa kuwa na mti hata mmoja. Serikali ya mkoloni iliwaachia walowezi kahawa, na watu wetu wakaenda kuichuma kama vibarua kwenye mashamba ya watu wengine. Mlango ulifunguka sawasawa baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa serikali wa kukuza kilimo cha Waafrika, na baba yangu, kijana bado, akapanda SL28, aina iliyochaguliwa hapa hapa Kabete, Scott Laboratories, katika miaka ya 1930. Alilitaja jina hilo, SL28, kama anataja mtu wa ukoo. Ilipokuja aina mpya, Ruiru 11, isiyoogopa kutu wala chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, afisa wa kilimo alimbembeleza sana. Baba akamkaribisha chai, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi kwenye SL28 zake na pampu yake.

Mabati ya nyumba ile kubwa ni ya mwaka 1977. Baridi kali ilikuwa imeunguza kahawa ya Brazil Julai 1975, bei ikapanda dunia nzima, na mimi nikaenda sekondari. Halafu Julai 1989 mgao wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, uliopimia kila nchi kahawa ya kuuza nje ili bei isishuke, ukavunjika na bei ikaanguka. Siku ya malipo watu walirudi na karatasi ya makato: mbolea, dawa, usafirishaji, deni la mbegu. Wengine walionekana wanadaiwa. Kulima mwaka mzima kisha uambiwe unadaiwa.

Hapo ndipo lilipotokea lile jambo ambalo hakuna aliyelitaja mazishini, na najua ni kwa nini.

Ilikuwa 1992. Baba alikuwa ameenda Nyahururu kwenye matanga. Mjomba wako alikuwa amerudi kutoka Mombasa na hesabu zake kwenye daftari: ng'ombe wa gredi, majani ya nepia, maziwa kila asubuhi. Wakati huo sheria ilikataza kung'oa kahawa bila kibali. Majirani waliokata tamaa waliing'oa usiku, kidogo kidogo. Mjomba wako aliingia mchana, na panga na shoka, akaikata mistari ya juu yote, ile iliyo karibu na zizi. Nilikuwepo, wewe ukiwa mgongoni mwangu. Nilimwambia angoje baba arudi. Hakusikia.

Baba alifika jioni na begi lake. Alisimama pale kwenye mistari, hakutia neno, akaingia ndani, hakula. Alfajiri nikasikia msumeno. Nilipotoka nikamkuta amepiga magoti kwenye kisiki kimoja, anakikata upya chini kidogo ya lile jeraha la panga, mkato wa mshazari ili maji ya mvua yateremke yasikiozeshe, kisha anaupapasa kwa kidole gumba kuona kama ni laini. Kisiki baada ya kisiki. Mama alimpelekea uji ukapoa pale pale chini.

Siku chache baadaye naibu wa chifu akaja. Kuna mtu alikuwa amempelekea habari. Akauliza ni nani ameng'oa kahawa. Baba akamwambia, "Nani ameng'oa? Nimeikata ichipue." Akamshika mkono, akamwonyesha mikato mmoja mmoja. Mjomba wako alikuwa amesimama karibu na zizi, macho chini. Naibu wa chifu akanywa chai akaenda zake. Msumeno ule ule uliookoa miti ulimwokoa mwanawe pia, na tangu siku hiyo baba hakuruhusu mtu yeyote aseme nyumbani kwake kwamba kahawa ile ilikatwa kwa ubaya.

Ikachipua. Kila kisiki alikiachia machipukizi mawili, mengine akayapangusa. Julai 1994 baridi ikapiga tena Brazil, bei ikapanda tena, na mwisho wa mwaka huo visiki vile vilikuwa vimezaa. Siku ya kupeleka kiwandani baba alivaa koti la kanisani. Kahawa begani, koti la kanisani! Sijawahi kumwona mtu akitembea vile.

Nimtendee haki mjomba wako. Hesabu zake hazikuwa za kipumbavu. Alikuwa na watoto wa kulisha, na maziwa yameilisha Kiambu wakati kahawa ilipoiacha na njaa. Pengine ningekuwa mwanamume na ningekuwa na panga, sijui. Lakini neno "pole" halijatoka kinywani mwake mpaka leo, na sasa ndiye anayesema ardhi ya baba haiuzwi!

Kama Guka angependa ardhi, swali lako lingekuwa rahisi: msiuze. Lakini alipenda kahawa, na kahawa iliyobaki imemezwa na magugu tangu miguu yake ilipokataa. Fleti za upande wa Ruaka zimetufikia, jua lenyewe linachelewa kuingia shambani. Nani atapiga dawa? Wewe uko kazini, mjomba wako mgongo umekwisha. Kuweka pale ekari ya magugu tukiiita heshima kwa baba, mimi siwezi. Basi uzeni? Hapo mkono unagoma kuandika. Visiki vya 1992 bado viko hai, niliviona siku ya mazishi, na kisiki hai kinakatwa tena kikazaa tena. Nilianza barua hii nikiwa na jibu. Nimelifuta. Nikilisema, Jumamosi watadai umetumwa na mama yako, na kweli utakuwa umetumwa.

Ila usikubali mtu akate shauri kwa kusema Guka alipenda ardhi. Wasimulie habari ya msumeno, mjomba wako akiwepo, na uisimulie kwa heshima asiaibike mbele ya watoto wake.

Ijumaa pitia kwangu ukitoka kazini. Nina bahasha ya stakabadhi zake zote za kiwanda, namba yake ya uanachama iko juu ya kila moja. Ushirika wa kahawa lazima ujulishwe kwamba amefariki, hisa zake nazo ziingizwe kwenye kesi ya mirathi, na katika vikao vyote tulivyokaa hakuna aliyelikumbuka hilo.

Mama yako