Mleta uzi, manjano ya mtoto njiti hayapimwi kwa macho: mpeleke leo akatolewe damu

Mleta uzi, weka simu chini, mvalishe mtoto kofia, muende hospitali sasa hivi. Umeandika kwamba alizaliwa wiki ya 35 ya ujauzito, leo ana siku 4, manjano yalianza usoni na sasa yameshuka mpaka tumboni, analala mno na akishika titi anachoka haraka. Halafu umeshauriwa umwanike jua la asubuhi, umpe maji ya glukosi, usubiri wiki iishe. Nilipofika hapo mikono ilianza kunitetemeka, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi kuhusu binti yangu, na aliyeniambia alikuwa amevaa sare ya kazi.

Alifunua shuka, akamtazama chini ya taa ya chumbani, akasema ni manjano ya kawaida, yataisha yenyewe. Hakumtoa damu hata tone. Nikamwambia mtoto hanyonyi vizuri, akanijibu njiti ndivyo walivyo, wanalala sana. Mpaka leo nikikumbuka jibu lile napandwa na hasira. Mtoto mchanga anayelala mpaka anasahau kunyonya haitwi mpole, huyo ni mgonjwa mpaka vipimo viseme vinginevyo. Kumwambia mzazi mwenye wasiwasi "ndivyo walivyo" ni kumnyang'anya muda ambao mtoto wake hana.

Kanuni yangu ni moja na nitairudia hata kama nitawachosha: manjano ya mtoto mchanga hupimwa, hayakadiriwi. Unataka namba ya bilirubini, ile rangi inayoleta manjano, iliyopatikana kwenye damu, na unataka isomwe pamoja na umri wa mtoto kwa saa na wiki za ujauzito alizozaliwa nazo. Namba ambayo ni salama kwa mtoto aliyetimiza miezi inaweza kuwa ya hatari kwa njiti. Kwa hiyo ukifika, wape saa kamili aliyozaliwa, usiishie kusema "siku ya nne".

Sababu ni hizi. Mtoto huzaliwa na chembe nyekundu nyingi za damu, zinavunjika, na mabaki yake ni bilirubini. Ini ndilo linalopaswa kuisafisha, na ini la njiti bado halijakomaa. Albumini, protini inayoibeba bilirubini kwenye damu, nayo njiti anayo kidogo, na ubongo wake hauna kinga ya kutosha dhidi ya ile inayobaki huru. Kwa mtoto wa miezi kamili manjano ya kawaida huonekana siku ya 2 au ya 3 na kufikia kilele kati ya siku ya 3 na ya 5. Kwa njiti kilele huchelewa zaidi. Maana yake mtoto wako wa siku 4 huenda bado anapanda, na anayekwambia "subiri" anakwambia usubiri akiwa anaelekea juu. Kwa wengine wanaosoma: manjano yanayotokea ndani ya saa 24 za kwanza hayana mjadala, ni dharura, kwa sababu mara nyingi damu inavunjwa kwa kasi, kwa mfano makundi ya damu ya mama na mtoto yasipopatana.

Ukitaka kutazama ukiwa nyumbani, mpeleke dirishani mchana, bonyeza ngozi ya paji la uso kwa kidole, achia, uangalie rangi inayobaki kabla damu haijarudi. Fanya hivyo kifuani, tumboni, kwenye mapaja. Kwa mwenye ngozi nyeusi angalia fizi na weupe wa macho. Manjano hushuka kutoka kichwani kwenda miguuni, na yakifika viganjani na nyayoni ujue ni makali. Lakini sikiliza: kutazama huku ni kwa ajili ya kukuondoa nyumbani haraka, kamwe si kwa ajili ya kukubakiza. Macho ya daktari bingwa nayo hukosea namba. Vipo vifaa vya kupima kwa kugusisha kwenye ngozi, ni vizuri kwa kuchuja, ila mtoto akishaanza kuwekwa kwenye mwanga majibu yake hayaaminiki, lazima damu.

Sasa hili la jua, maana ndilo lililotumaliza. Halikutoka hewani. Katikati ya miaka ya 1950, katika hospitali ya Rochford, Essex, Uingereza, muuguzi mkuu wa wodi ya njiti, Sista Ward, aligundua kwamba watoto aliokuwa akiwatoa nje ngozi yao ilipoteza manjano pale jua lilipofika, na ilibaki ya manjano pale palipofunikwa. Madaktari wa pale, Cremer na wenzake, wakatengeneza taa na kuchapisha matokeo mwaka 1958. Yaani waliogundua habari ya jua wao wenyewe walikwenda kutengeneza taa! Kinachofanya kazi ni mwanga wa bluu, wa mawimbi ya nanomita 460 hadi 490 hivi, unaoigeuza bilirubini iliyo kwenye ngozi iwe katika umbo linaloweza kutoka kwa nyongo na mkojo bila kusubiri ini liibadilishe kwanza. Taa ya hospitali ina kipimo, inawaka usiku na mchana, mtoto amevuliwa nguo akabaki na nepi, macho yamefunikwa, joto lake linafuatiliwa. Dakika chache za jua dirishani haziwezi kumtibu mwenye namba ya juu, na njiti akivuliwa nguo kwenye baridi ya asubuhi anapoteza joto, au jua likiwa kali anaungua na kuishiwa maji. Tulimwanika wetu kwa uaminifu mkubwa, huku bilirubini ikipanda.

Maji ya glukosi usimpe. Bilirubini hutoka kwa choo, na choo huletwa na maziwa. Tumbo dogo kama lile likijaa maji ya sukari, maziwa yanakosa nafasi, choo kinachelewa, na bilirubini iliyokwisha kufika utumboni inafyonzwa tena kurudi kwenye damu. Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24, muamshe hata kama amelala. Akishindwa kuvuta, kamua maziwa umpe kwa kikombe, na hospitalini watampitishia kwa mpira wa puani. Lakini usikae nyumbani ukijaribu haya, yafanye mkiwa njiani.

Dalili zinazotisha zinakuja kwa mfuatano. Kwanza usingizi, ulegevu na kunyonya hafifu, na hapo ndipo mtoto wako alipo kwa maelezo yako mwenyewe. Baadaye kilio chembamba, kikali, kama cha kuchomwa, na mgongo unapinda kwenda nyuma, shingo imekaza. Binti yangu alipofikia hapo ndipo tukaambiwa tukimbie hospitali kubwa. Walimbadilisha damu, wakitoa kidogo na kurudisha ya mtu mwingine kidogo kidogo, na alipona kwa maana ya kwamba yupo hai. Ana mtindio wa ubongo wa ile aina ambayo mikono inajisokota yenyewe akitaka kushika kitu, na hasikii.

Kuhusu kusikia, kuna mtu mwingine wa kulaumiwa. Alipimwa masikio kwa kifaa kinachoingizwa sikioni na kusikiliza mwitikio wa sikio la ndani, akafaulu, tukapongezwa. Bilirubini haikuwa imeharibu sikio, iliharibu njia ya neva kutoka sikioni kwenda kwenye ubongo, na kipimo kile hakifiki huko. Mtoto yeyote aliyewahi kuwa na bilirubini ya juu sana adai kipimo cha neva, kile cha kubandika vishikizo kichwani na kurekodi mwitikio wa shina la ubongo. Tungeambiwa mapema, angeanza kufundishwa lugha ya alama mapema.

Kingine: usingizi na kutonyonya vinaweza pia kuwa maambukizi ya damu, na kwa njiti mara nyingi hakuna homa, joto linashuka badala ya kupanda. Pima. Chini ya nyuzi 35.5 ni hatari sawasawa na 37.5 kwenda juu. Hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia, zikifika 60 au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, waambie mlangoni kabla hujajaza fomu. Wakitaka kuanza sindano za ampisilini na jentamisini kabla majibu ya damu hayajatoka, waache waanze. Hilo ni jambo sahihi kwa umri huo, wala si pupa.

Kitovu: kiache kikavu, usipake kitu ambacho hukupewa hospitalini, na ngozi inayokizunguka ikiwa nyekundu au kikitoa usaha, muoneshe daktari huyo huyo leo. Na kama nguo zake zilihifadhiwa na vidonge vya nafthalini vya kuzuia nondo, mbadilishe kabla ya kutoka, kwa sababu mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, damu yake inaweza kuvunjika kwa harufu ile tu.

Njiani mweke kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, ukifunika mgongo wake. Wakikutazamia mtoto kwa macho wakakuruhusu urudi, kaa hapo hapo uombe kipimo kwa maandishi, na wakikataa uliza ni hospitali gani ya karibu inayopima. Namba ikitoka iandike hapa pamoja na saa ya kuzaliwa.